Binti wa Nyumba ya Ndanu: Historia ya Maisha ya Dkt. Agnes Kamanthe

Mchungaji, chifu wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Katangi na wageni mliotoka chuo kikuu kwa basi lile la kijani, hamjambo, na poleni kwa safari na kwa vumbi. Mimi ni Onesmus Kisilu, ndugu wa pekee wa marehemu, fundi wa umeme kule viwandani Athi River, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Dkt. Agnes Kamanthe Ndunda, kutoka mwanzo hadi mwisho, nami namwomba mchungaji asiitazame saa yake kila mara, kwa sababu nimemwona, na upepo huu unaotikisa hema unatosha kunihangaisha.

Kuna jambo moja kabla sijaanza. Programu mlizoshika zina historia ya marehemu kwenye ukurasa wa pili, na ukurasa huo ni kazi ya kamati ya mazishi, umepangwa vizuri na picha imetokea vizuri, lakini aya yake ya kwanza sitaisoma, kwa sababu marehemu mwenyewe aliniomba nisiisome hivyo, na kwa sababu mama yetu, ambaye amekaa pale mbele na kitambaa cheupe kichwani, ameomba kitu kimoja tu tangu tupate msiba huu, kwamba leo atajwe. Hakuomba jeneza la bei wala gari la kifahari, ameomba kutajwa, na kutajwa kwenyewe ni kutajwa kwa jina lake na kwa nafasi yake katika boma hili. Basi wale wanaofuata kwa kidole kwenye karatasi wataniona nimeacha njia kabla hata sijafika shuleni, na wasishtuke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Katangi, katika nyumba ya nyasi iliyosimama pale penye tangi la maji sasa. Programu inasema alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Ndunda. Mzee Ndunda, Mungu amlaze pema, alifariki mwaka wa 1949, jiwe lake liko nyuma ya hema hili na mwaka umechongwa juu yake, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la tatu anaweza kufanya hesabu hiyo bila kuinuka kitini. Yaliyotokea, na ambayo kila mwenye mvi hapa anayajua, ni kwamba mzee alimwacha mjane wake Ndanu bila mtoto hata mmoja, na Ndanu, ambaye hakuwa mtu wa kukaa akilia, alifuga mbuzi wake miaka kadhaa, kisha mwaka wa 1956 akapeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa kwetu sisi Wakamba, mpaka boma la mzee mmoja kule Ikombe, akamwoa binti yake aliyeitwa Mwongeli, akamleta hapa awe mke wa nyumba hii na aizalie nyumba hii watoto. Mke wa namna hiyo kwa Kikamba anaitwa iweto, na hakuna aliyelibuni jambo hilo jana.

Mwongeli akamzaa Kamanthe, jina tunalompa mtoto aliyetafutwa sana, na miaka minne baadaye akanizaa mimi. Wanaotaka kujua jina la mwanamume hawatalipata kwangu, kwa kuwa mila haikumpa kiti katika habari hii, na sisi hatukukua tukimtafuta, tulikuwa na mama aliyetuzaa, tuliyemwita mwaitu, na tulikuwa na Ndanu, ambaye kwa umri wake tulimwita susu, yaani nyanya, lakini ndiye aliyekuwa mwenye boma, mwenye fimbo na mwenye neno la mwisho.

Mwezi wa Januari 1964 marehemu alipelekwa shule ya msingi hapa Katangi, na siku ya kuandikishwa mwalimu alimwuliza baba yake ni nani, naye akajibu bila kusita kwamba ni Ndanu, mwalimu akacheka, darasa likacheka, na mwalimu akaandika Ndunda, na hivyo ndivyo dada yangu alivyopata jina alilolibeba mpaka kwenye shahada zake zote. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Aliuliza kwa nini wanaume hula kwanza, aliuliza kwa nini mama fulani hukaa peke yake kanisani, alichapwa kwa kuuliza na akauliza kwa nini amechapwa. Mwaka wa 1971 aliingia shule ya upili ya bweni mjini Machakos, akamaliza kidato cha sita mwaka wa 1976, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea sosholojia. Susu alimwuliza hiyo ni kazi gani, akaambiwa ni kusoma jinsi watu wanavyoishi, na susu akasema, "Sasa hiyo si unaweza kuangalia hapa nyumbani ukichunga mbuzi?" Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1980, ya pili mwaka wa 1983, na ya uzamifu mwaka wa 1990, na siku hiyo ya mwisho susu na mwaitu walikwenda Nairobi pamoja wakiwa wamevaa vitambaa vya rangi moja, wakapigwa picha na marehemu akiwa katikati, na picha hiyo ingali ukutani kwa mwaitu.

Kuhusu kazi, marehemu alianza kufundisha chuo kikuu mwezi wa Septemba 1984, na hapo naomba wenzake wanivumilie, kwa maana nitayaeleza mambo yao kwa lugha ya fundi wa umeme. Wanachuoni, nilivyoelewa, huchagua shamba moja la utafiti wakalilima maisha yao yote, mmoja ndoa, mwingine uhalifu, mwingine dini, na ukikaa sana kwenye shamba lako unaitwa profesa. Dada yangu hakuweza kukaa. Alianza na mwethya, vikundi vyetu vya kina mama vya kuchimba matuta mashambani, akatembea Masii na Mbooni mpaka viatu vikaisha, akitaka kujua ni nani hualikwa kwenye kikundi na ni nani huachwa nje. Kabla mavuno ya kazi hiyo hayajakauka akahamia kwetu Athi River, akapanga chumba karibu na viwanda vya nguo, akitaka kujua wasichana waliotoka kila pembe ya Kenya wanapokufa mjini hurudishwa kwa nani. Wakubwa wake walimwambia atulie mahali pamoja, yeye akawajibu kwamba yuko mahali pamoja, ni wao hawaoni, na uprofesa haukuja. Rafiki yake na mwenzake kazini, Dkt. Kavutha, ambaye ameketi pale upande wa kushoto, aliniambia juzi kwamba katika tafiti zote hizo swali lilikuwa moja tu, mtu huhesabiwa kuwa wa nani, nami nikamwambia angeniambia mapema ningeacha kumkaripia kwa kuhamahama.

Kuhusu ndoa, tarehe 25 Agosti 1984 marehemu alifunga ndoa kanisani na Bwana Bartholomew Mulwa, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa mtoto mmoja, Linet, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1986. Ndoa hiyo ilikuwa na cheti, keki na mpiga picha kutoka mjini, ikadumu miaka mitano, wakaachana kwa heshima, na Bwana Mulwa yuko hapa leo na tumempa kiti cha mbele kama ilivyo haki. Ndoa ya susu na mwaitu haikuwa na cheti wala keki, ikadumu miaka thelathini na minane mpaka kifo kikawatenganisha. Sisemi ipi ni bora, nasoma tarehe tu, na tarehe ndizo mnazozipenda kwenye historia za marehemu.

Susu alifariki tarehe 12 Novemba 1994, akazikwa hapa tarehe 19, na siku hiyo ndiyo iliyomgeuza dada yangu. Historia ya susu iliandikwa na mzee Urbanus, mtoto wa ndugu yake mzee Ndunda, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati yetu hata leo, na ilisomwa kwenye kipaza sauti kama hiki, ikasema kwamba marehemu Ndanu aliishi maisha ya sala, akalea wajukuu wawili, na katika uzee wake alisaidiwa kazi za nyumbani na Mwongeli. Kazi za nyumbani. Wakati hayo yanasomwa mwaitu alikuwa kule nyuma kwenye mafiga, akikoroga chai ya waombolezaji waliokuja kumzika mume wake, na alisikia kila neno, kwa sababu kipaza sauti kile kilisikika mpaka sokoni. Kamanthe aliinuka akaenda kule jikoni, akamshika mkono, akamwambia waende mbele wote wawili wakasimame kaburini, naye mwaitu akasema, "Niache, chai itamwagika." Udongo wa kwanza ukamwagwa na wengine, na mjane hakuwepo.

Kuanzia wiki hiyo marehemu aliacha wasichana wa viwandani katikati ya utafiti, jambo lililowaudhi sana wakubwa wake, akaanza kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua. Kila Jumamosi alikuwa Mwala, au Kangundo, au Masinga, amekaa safu ya nyuma, akisikiliza historia za marehemu zikisomwa, na watu walimshuku, wengine wakidhani ni mdai wa shamba, wengine wakidhani amefuata pilau, na huko Masinga aliitwa mbele aseme machache kama jamaa wa mbali, akasema, na watu wakalia. Alichokipata katika Jumamosi hizo zote, na alikuwa akitueleza mezani mpaka chakula kinapoa, ni kwamba sisi tunapenda mno tarehe kwenye historia zetu, na ni tarehe zinazotusaliti, maana tunaficha mke wa pili, tunaficha mtoto wa nje, tunaficha iweto, kisha kwa mikono yetu wenyewe tunaandika mwaka baba alipokufa na mwaka mtoto alipozaliwa, tunazisoma kwa sauti mbele ya umati, na umati wote unainamisha macho na kusema amina. Baadaye akaanza kuwatafuta kina mama walioolewa na kina mama, katika Yatta yote na ng'ambo yake, akawakalisha chini akawauliza siku ya ntheo ilikuwaje, nani alikuja, waliimba nini. Aliwauliza wengi sana. Hakumwuliza mwaitu.

Nisome na hili, maana marehemu mwenyewe alitaka lisomwe. Mwezi wa Julai 2002 aliombwa kutoa mhadhara wa wazi mjini Machakos juu ya utafiti huo, ukumbi ukajaa, na mwaitu akashona nguo mpya ya buluu akaenda kumsikiliza binti yake, akakaa safu ya tatu, mimi pembeni yake. Marehemu alisema vizuri, aliwatetea wake hao kwa saa nzima, akisema wao na hao na kina mama hao, na watu wakapiga makofi. Kisha mtu mmoja akasimama nyuma, wala hakuwa na ubaya, akauliza, "Na wewe daktari, wewe ni wa nani?" Dada yangu alikunywa maji. Akaitazama safu ya tatu, akasema kwamba yeye ni mtoto wa mzee Ndunda wa Katangi, akaomba swali linalofuata. Nilihisi mwaitu akikusanya nguo yake magotini kana kwamba kuna mtu anataka kupita. Tulipokuwa kwenye gari tukirudi, marehemu akiwa amekaa mbele, mwaitu akasema taratibu, "Hata wewe, Kamanthe." Hajalirudia neno hilo mpaka leo.

Tangu siku hiyo marehemu hakupata raha. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, akaleta mabati, akaleta blanketi, akachimbisha kisima, akahama kutoka nyumba ya kupanga Athi River akajenga Syokimau na kumwomba mwaitu ahamie huko, mwaitu akakataa, akarudi tena na tena, akianza kusema jambo kisha akiuliza habari za ng'ombe. Kwa mtu aliyezoea kuwauliza wengine mambo ya ndani kabisa, alikuwa mwoga wa ajabu mbele ya mama yake.

Kuhusu ugonjwa, mwezi wa Februari 2004 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji Nairobi mwezi wa Machi mwaka huohuo, akapata nafuu, akarudi darasani, na mwezi wa Novemba 2005 ugonjwa ukarudi ukiwa umesambaa. Alipoona dawa zimeshindwa aliomba kuletwa nyumbani, tukamleta tarehe 6 Mei mwaka huu, na mwaitu akamwosha na kumlisha kama alivyofanya mwaka wa 1957. Hapo, akiwa kitandani, ndipo alipoanza kumwuliza yale aliyowauliza wageni kwa miaka yote. Nilikuwa mlangoni nikitengeneza swichi, nikasikia akimwuliza mbuzi wa ntheo walikuwa rangi gani, na mwaitu akawataja mmoja mmoja, kisha akamwuliza alijisikiaje kufika hapa akiwa msichana na kukuta mume wake ni mama mzee mwenye kiko, na mwaitu akasema, "Kwanza nilicheka. Halafu nikamwangalia vizuri, nikaona huyu hatanipiga." Walicheka wote wawili mpaka marehemu akakohoa, na nilipochungulia alikuwa analia, ameushika mkono wa mwaitu, akimwomba msamaha wa ile siku ya Machakos, naye mwaitu akamwambia anywe uji.

Kesho yake akaniita, akaniambia, "Onesmus, mimi niliruka. Siku ya kunisoma, wewe usiruke."

Alifariki Jumatano tarehe 9 Agosti 2006, saa tatu asubuhi, mwaitu akiwa amemshikilia, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Kwenye kamati tulivutana, sitawaficha. Mzee Urbanus, na namheshimu, kwa sababu hema hili ni lake na ng'ombe mnayemla leo ni wake, aliniambia, "Onesmus, hayo ya kitambo tuyaachie kitambo, pastor yuko, wageni wa chuo wako, utatuaibisha." Wengine wakasema kanisa halitambui ndoa ya namna hiyo. Huenda, mimi si mwanatheolojia, lakini mbuzi wale walipokelewa, walichinjwa, na baba zenu waliwala, na hakuna hata mmoja aliyewarudisha. Kama Mwongeli hakuwa mke hapa, basi mimi ninayesimama mbele yenu si mtu wa hapa, na huyu tunayemzika tunamzika kwenye shamba la wenyewe, na mtu asitupe udongo mpaka hilo liamuliwe. Kwa siku kumi sijalala vizuri kwa sababu ya sentensi moja, na sasa naisoma.

Marehemu Dkt. Agnes Kamanthe alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwongeli, mke wa Ndanu, wa nyumba ya Ndunda, wa Katangi. Ameacha mama yake mzazi, huyo huyo Mwongeli, mjane wa marehemu Ndanu, ameacha binti yake Linet, na ameacha mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Nairobi, na yule muuguzi wa zahanati aliyekuwa anakuja kwa baiskeli kumchoma sindano hata siku za mapumziko, inawashukuru majirani waliochota maji na kuleta kuni bila kuombwa, inawashukuru wenzake wa chuo kikuu na wanafunzi wake, ambao nimewasikia wakimwuliza mwaitu maswali tangu asubuhi, na sasa najua waliyatoa wapi, inamshukuru mchungaji kwa uvumilivu, na inamshukuru mzee Urbanus na kamati yake, ambao pamoja na mvutano wetu hawakutuacha.

La mwisho ni la utaratibu. Kaburi limechimbwa upande wa kushoto wa susu, na upande wa kulia tumeuacha, ni wa mke wake, naye asiukimbilie. Programu inasema udongo wa kwanza utatupwa na mzee Urbanus kwa niaba ya ukoo, na asubuhi aliniambia hilo halibadiliki. Mzee, nakuomba mbele ya watu hawa wote umpishe mama wa marehemu atangulie, kwa huyu wa leo, na kwa yule wa mwaka wa tisini na nne ambaye hakumtupia. Kina mama kule nyuma, epueni chai, ikimwagika imwagike, hakuna mtu wa boma hili atakayeshinda jikoni leo.

Naona mzee amevua kofia na amesogeza kiti. Asante, mzee. Linet, mshike susu yako mkono umlete.

Na wewe dada yangu, hukuwahi kukaa kitini mpaka chai ikaisha, ulikuwa unaamka kwenda kuwauliza watu wa mbali ni wa nani. Wewe ni wa nani tumeshasema, kwa kipaza sauti, na mwaitu amesikia. Sasa kaa. Pumzika kwa amani.